Kuweka udhibiti unaojirekebisha kiwandani, hatua kwa hatua

Kidhibiti cha PID (kile kinachoamuru vali kwa kutazama kosa, yaani tofauti kati ya kipimo na lengo, pamoja na jumla ya kosa hilo na kasi yake ya kubadilika) kilichopangwa vizuri kinaweza kuanza kuyumba baada ya miezi michache bila mtu yeyote kukigusa. Kibadilisha joto kimeshika utando ndani ya mabomba, malighafi imekuja na unyevu mwingine, kichocheo kimechoka, uzalishaji umeshushwa hadi nusu. Kidhibiti bado kinatumia namba zilezile, lakini mchakato wenyewe umeshabadilika. Opereta naye hufanya anachoweza: anakitoa kwenye otomatiki, anakiweka kwenye mkono, na anaendesha vali mwenyewe zamu nzima.

Udhibiti unaojirekebisha unajaribu kutibu hali hiyo kwa kubadilisha vigezo vya kidhibiti kadiri mchakato unavyobadilika. Mbinu zake ni nyingi, na nyingine zinavutia sana kwenye karatasi. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: tumia mbinu nyepesi kabisa inayomaliza tatizo lako, na ukifika kwenye ile inayojifunza muda wote, weka nguvu zaidi kwenye kuizuia isijifunze wakati usiofaa kuliko kwenye kuifundisha. Mifumo mingi iliyoshindikana ilishindikania hapo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tanki la maji linalopashwa moto kwa mvuke, ujazo haubadiliki, maji yanaingia na kutoka muda wote, na kihisi cha joto kimefungwa kwenye bomba la kutokea, mbali kidogo na tanki. Kidhibiti kinaamuru vali ya mvuke.

Hatua ya 1: Hakikisha si vali wala kihisi

Usianze na hesabu, anza na vifaa. Kitanzi, yaani kihisi, kidhibiti na vali vikifanya kazi pamoja, kikiyumba, weka kidhibiti kwenye mkono, acha vali ilipo, kisha tazama grafu. Kuyumba kukikoma, chanzo kimo ndani ya kitanzi chenyewe, yaani vigezo vya kidhibiti au vali. Kuyumba kukiendelea, kunatoka nje: pampu, boila, au kitanzi kingine cha jirani kinachotikisa mvuke wako. Katika hali hiyo ya pili hakuna kidhibiti kinachojirekebisha kitakachokusaidia, tafuta chanzo.

Kama kumekoma, jaribu vali ukiwa bado kwenye mkono. Ongeza amri kwa asilimia 0.5, subiri kipimo kitulie, ongeza tena 0.5, endelea hivyo mara kadhaa, halafu rudi nyuma kwa hatua zilezile. Vali nzima inaitikia kila hatua. Vali inayonata haitikisiki kwa hatua mbili au tatu, kisha inaruka yote kwa mara moja. Ukigeuza mwelekeo utaona pia kama ina mchezo: amri inashuka asilimia moja au mbili kabla shina halijaanza kusogea. Alama nyingine inaonekana hata kwenye grafu za zamani. Vali inayonata kwenye kitanzi cha mtiririko mara nyingi huchora amri yenye umbo la pembetatu, na kipimo chenye umbo linalokaribia mraba.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu kidhibiti kinachojifunza hakijui habari za vali kunata. Kinachoona ni mchakato ambao wakati fulani hauitikii kabisa na wakati mwingine unaruka, na kitabadilisha vigezo usiku kucha kikifuata kitu kisichokuwepo. Badilisha pakingi (kizibo kinachobana shina la vali), rekebisha pozishona (kifaa kinachoifikisha vali pale ilipoamriwa), kagua presha ya hewa, ndipo uendelee. Vitanzi vingi huishia hapa, vikiwa vimepona bila hesabu yoyote.

Hatua ya 2: Pima mchakato katika mizigo (viwango vya uzalishaji) tofauti

Sasa unataka namba tatu. Ya kwanza ni geini, K: kipimo kinabadilika kiasi gani kwa kila asilimia moja ya vali. Ya pili ni muda wa kukawia, θ: tangu vali isogee hadi kipimo kianze kuonyesha dalili. Ya tatu ni muda wa mwitikio, τ: tangu dalili ya kwanza hadi kipimo kimalize asilimia 63 ya safari yake.

Weka kidhibiti kwenye mkono, ngoja hali itulie, kisha sogeza vali kwa hatua moja. Tuseme kwenye tanki letu umetoka asilimia 40 hadi 45, na joto likapanda kutoka nyuzi 60 hadi 70. Hapo K ni 10 kugawanya kwa 5, yaani nyuzi 2 kwa kila asilimia. Joto lilianza kusogea baada ya sekunde 20, basi θ ni 20. Asilimia 63 ya nyuzi 10 ni 6.3, joto lilifika 66.3 sekunde 95 baada ya kuanza kusogea, basi τ ni 95. Rudia kwa kushusha vali, kwa sababu michakato mingi haipandi kama inavyoshuka.

Kutoka hapo unapata vigezo vya kidhibiti cha PI (PID isiyo na sehemu ya kasi), yaani Kc, geini ya kidhibiti, na Ti, muda wa kujumlisha kosa, kwa kanuni ya Sigurd Skogestad, mtaalamu wa udhibiti wa Norway, ambayo mimi huipendelea kwa kuwa inaeleweka na haina ukali:

Kc = τ / (K × (τc + θ))
Ti = τ, au 4 × (τc + θ), ile iliyo ndogo

Hapa τc ni muda wa mwitikio unaoutaka wewe kwa kitanzi kizima; ukiwa mfupi kitanzi kinakuwa cha haraka. Kuiweka sawa na θ ni mwanzo mzuri. Kwa tanki letu, Kc ni 95 kugawanya kwa 80, yaani karibu 1.19, na Ti ni sekunde 95.

Sasa shusha mtiririko wa maji hadi nusu na upime upya. Kiasi kilekile cha mvuke kinapasha maji nusu ya yale ya awali, kwa hiyo geini inakuwa 4. Maji yanakaa tankini mara mbili zaidi, kwa hiyo τ inakuwa 190. Yanatembea polepole bombani hadi kwenye kihisi, kwa hiyo θ inakuwa 40. Ukiweka namba mpya kwenye kanuni, Kc inakuwa 0.59 na Ti sekunde 190.

Ukiacha zile namba za zamani, kitanzi kitayumba muda mrefu kabla ya kutulia. Ukishusha mtiririko hadi robo bila kubadilisha vigezo, kitanzi kinapoteza uthabiti kabisa na mawimbi yanakua. Uwezo wa kutulia umeisha, wala hakuna kifaa kilichoharibika.

Fanya vipimo hivi angalau katika mizigo mitatu: chini, kati na juu. Kama geini ya juu kabisa haifiki hata mara mbili ya ile ya chini kabisa, acha safari hii. Panga PID kwa hali mbaya zaidi, yaani pale geini na ukawiaji vilipo vikubwa, ikubali ipoe kidogo kwingineko, na uende kwenye kitanzi kingine.

Hatua ya 3: Chagua mbinu kwa kujibu swali moja

Jiulize: kinachobadilisha mchakato, je, nakipima?

Kama ndiyo, kama kwenye tanki letu ambako mita ya mtiririko tayari ipo, tumia jedwali la vigezo (hatua ya 5). Kama hapana, lakini mabadiliko ni ya polepole sana, ya wiki au miezi, kama utando unaojijenga ndani ya mabomba, basi kujipanga kwa kuombwa kunatosha (hatua ya 4): mtu anabonyeza kitufe, kidhibiti kinajipima, kinatulia. Kama hapana, na mabadiliko ni ya saa au siku, hapo ndipo unahitaji kidhibiti kinachojifunza muda wote (hatua ya 6 na 7).

Kuna hali ya nne ambayo watu huichanganya na hizi. Kama mchakato wenyewe haubadiliki ila unapigwa na misukosuko, mathalani maji yanaingia mara baridi mara vuguvugu, hilo si tatizo la kujirekebisha. Pima joto la maji yanayoingia na usogeze vali mapema kabla tanki halijapoa. Udhibiti huo wa kutangulia ni rahisi zaidi na una uhakika zaidi.

Hatua ya 4: Kujipanga kwa rilei

Mbinu hii ilitolewa na Karl Johan Åström na Tore Hägglund wa Lund, Uswidi, mwaka 1984, na leo imo ndani ya vidhibiti vingi vya kibiashara kwenye kile kitufe cha kujipanga. Badala ya PID, kinawekwa kitu kinachoruka tu: kipimo kikiwa chini ya lengo vali inapanda kwa kiasi fulani, kikiwa juu inashuka kwa kiasi hichohicho. Kitanzi kinaingia kwenye mawimbi madogo yaliyodhibitiwa. Unasoma ukubwa wa wimbi na kipindi chake, basi.

Kwa tanki letu, ruhusu vali iruke asilimia 5 juu na 5 chini. Utapata mawimbi ya joto ya karibu nyuzi 1.9 kila upande, na kipindi cha sekunde 73 hivi. Geini ya ukomo, yaani geini ya kidhibiti inayokifanya kitanzi kiyumbe bila kutulia wala kukua, ni:

Ku = 4 × d / (π × a)

ambapo d ni 5 na a ni 1.9. Inatoka 3.35. Angalia sana hapa: d na a zote ni nusu ya wimbi, kutoka katikati hadi kileleni. Anayeweka wimbi zima la joto kwenye a na nusu ya wimbi la vali kwenye d anapata jibu la nusu, halafu anashangaa kwa nini kidhibiti ni kizembe.

Kwa kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, Kc ya PI ingekuwa 0.45 × 3.35, yaani 1.5, na Ti sekunde 61. Ni kali mno kwa kitanzi cha joto. Kanuni ya Tyreus na Luyben inagawanya Ku kwa 3.2 na kuzidisha kipindi kwa 2.2: Kc inakuwa 1.05 na Ti sekunde 161. Linganisha na 1.19 na 95 za hatua ya 2. Mbinu mbili tofauti kabisa zimetua mtaa mmoja kwenye Kc, na hiyo ndiyo dalili kwamba vipimo vyako ni vya kuaminika. Zingekuwa zimepishana mara nne, ningerudi kwenye vali.

Kabla ya kubonyeza kitufe, hakikisha mchakato umetulia, hakuna mtu anayebadilisha mzigo, na kelele ya kihisi ni ndogo kuliko wimbi unalotarajia. Weka ukanda wa kelele kwenye rilei ili isiruke kwa kila mtikisiko. Mwambie opereta muda utakaochukua.

Hatua ya 5: Jedwali la vigezo

Hii ndiyo mbinu ninayoipendekeza kuliko zote. Haijifunzi chochote, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: unajua kabla ya wakati itafanya nini katika kila hali, unaweza kuijaribu yote, na opereta anaweza kuisoma.

Tumia kipimo kinachoeleza hali ya mchakato, kwetu sisi mtiririko wa maji, kuchagua Kc na Ti. Kwa hesabu za hatua ya 2 tayari unaona mwelekeo: Kc inakwenda sambamba na mtiririko, Ti inakwenda kinyume chake. Mtiririko wa asilimia 100 unatumia 1.19 na 95, asilimia 50 unatumia 0.59 na 190, asilimia 25 unatumia 0.30 na 380. Katikati ya nukta hizo, unganisha kwa mstari ulionyooka. Usiache vigezo viruke kutoka safu moja hadi nyingine, maana mtiririko ukikaa mpakani vitaruka mbele na nyuma siku nzima.

Mambo matatu huharibu jedwali zuri. Mosi, kuchagua kwa kutumia kipimo chenye kelele; kichuje kwanza, na kichujio kiwe polepole kuliko kitanzi. Pili, kuchagua kwa kutumia kipimo kilekile unachokidhibiti bila kufikiri. Inawezekana, na kwenye pH mara nyingi hakuna njia nyingine, kwa sababu karibu na 7 tone dogo la besi linarusha kipimo mbali, ilhali kwenye 3 ndoo nzima haisogezi kitu. Lakini hapo vigezo na kipimo vinafukuzana, kwa hiyo weka tahadhari zaidi. Tatu, kusahau ukomo: mtiririko ukishuka chini ya ulichopima, shikilia safu ya mwisho, usiendeleze mstari kwa kubahatisha.

Kuna jambo la programu pia. Kc inapobadilika, amri ya vali isiruke. Kwenye kidhibiti kinachohesabu amri nzima, hifadhi jumla ya kosa ikiwa imeshazidishwa na Kc na kugawanywa kwa Ti. Ukihifadhi jumla tupu na kuzidisha mwishoni, kila badiliko la Kc litatikisa vali. Njia safi zaidi ni kidhibiti kinachohesabu nyongeza tu ya kila sampuli (kila mara kipimo kinaposomwa) na kuijumlisha kwenye amri iliyopita. PLC nyingi, yaani kompyuta za kuendesha mitambo, zina aina zote mbili. Soma kitabu cha kifaa chako ujue umepewa ipi.

Hatua ya 6: Kidhibiti kinachojifunza

Ukifika hapa, kinachobadilisha mchakato hukipimi na huwezi kusubiri. Åström na Björn Wittenmark walieleza wazo la kidhibiti kinachojipanga mwaka 1973: kadiria modeli ya mchakato kila sampuli, kisha kokotoa vigezo vya kidhibiti kutoka kwenye modeli hiyo kana kwamba ni ya kweli.

Chukua modeli ndogo. Kwa tanki letu, sampuli kila sekunde 10, ukawiaji wa sampuli mbili:

y(t) = a × y(t−1) + b × u(t−3)

y ni joto, u ni amri ya vali, zote zikihesabiwa kama tofauti kutoka hali ya kawaida, si thamani nzima; t ni namba ya sampuli, na a na b ndizo namba za kukadiria (a hii si ile ya wimbi katika hatua ya 4). Ukiweka thamani nzima, mkadiriaji, yaani sehemu ya programu inayokadiria modeli, atatumia a na b kufunika ile tofauti ya kudumu na utapata upuuzi. Kutoka a na b unarudi kwenye namba unazozijua:

K = b / (1 − a)
τ = −10 / ln(a)

Kama a ni 0.9 na b ni 0.2, K ni 2 na τ ni karibu 95, yaani tanki letu kwa mtiririko kamili. Kwenye skrini yako mwenyewe fuatilia K na τ, si a na b. Mtu aliyezoea mtambo atakuambia mara moja kwamba geini ya 14 haiwezekani, lakini a ya 0.97 haimwambii kitu.

Makadirio yanafanywa kwa njia ya miraba midogo zaidi inayojirudia. Kila sampuli unatabiri y, unaitoa kwenye y iliyopimwa, na tofauti hiyo inasahihisha a na b. Kiasi cha kusahihisha kinaamuliwa na matriki P, ambayo ni kipimo cha mashaka uliyo nayo: P kubwa, unaamini data mpya, P ndogo, unashikilia unachokijua. Kwa kuwa umeshafanya hatua ya 2, anza na a na b ulizopima na P ndogo. Kuanza na sifuri na P kubwa sana ni kumpa mtambo mgeni asiyejua chochote.

Ili isahau ya zamani, weka kigezo cha kusahau λ, kidogo chini ya 1. Kumbukumbu yake ni takriban sampuli 1 / (1 − λ). Kwa λ ya 0.99 ni sampuli 100, yaani dakika 17 hivi kwetu, karibu mara kumi ya τ. Nisingekwenda chini ya hapo. Kama mabadiliko ni ya saa nyingi, tumia 0.995 au 0.998.

Ukawiaji usiukadirie pamoja na a na b. Upime, uweke, na kama unabadilika na mtiririko, uuchukue kutoka kwenye jedwali.

Hatua ya 7: Zuia isijifunze

Tarehe 15 Novemba 1967 ndege ya majaribio ya Marekani, X-15, ilivunjika angani na rubani Michael Adams akafariki. Ilikuwa na mfumo wa MH-96 unaorekebisha geini zake wenyewe. Ndege ilikuwa imeshatoka kwenye hali ya kujizungusha bila udhibiti, lakini mfumo huo uliingia kwenye mtetemo na haukupunguza geini wakati ilipohitajika kupungua. Sababu za ajali zilikuwa kadhaa, ila sehemu hiyo ndiyo kila anayeweka udhibiti wa namna hii anatakiwa kuijua. Na mwaka 1985 Charles Rohrs na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba algoriti za wakati ule, zilizothibitishwa kuwa thabiti kwa nadharia, zingeweza kupoteza uthabiti kwa sababu ya mienendo midogo ya haraka iliyoachwa nje ya modeli.

Kiwandani hatari ya kwanza ni utulivu. Mchakato ukitulia, amri ya vali haisogei, na data mpya haina habari yoyote. Lakini λ inaendelea kusahau. Kwa λ ya 0.99, sampuli 500 za utulivu, chini ya saa moja na nusu kwetu, zinaweza kuifanya P ikue takriban mara 150 katika mwelekeo usioletewa habari mpya. Kisha msukosuko mdogo unakuja, mkadiriaji mwenye mashaka makubwa anaruka nao, vigezo vinapotea, kitanzi kinalipuka kwa mawimbi, mawimbi yanaleta habari, vigezo vinarudi, utulivu unarudi. Baada ya saa kadhaa, tena. Ukiona kitanzi kinachoyumba ghafla na kujiponya chenyewe, shuku hili kwanza.

Kwa hiyo weka masharti, yote kwa pamoja:

- Jifunze tu kama vali imesogea vya kutosha katika sampuli chache zilizopita, mathalani zaidi ya asilimia 1.
- Jifunze tu kama kosa la utabiri linazidi kelele ya kihisi mara mbili au tatu.
- Usijifunze vali ikiwa imefika 0 au 100, kidhibiti kikiwa kwenye mkono, wakati wa kuwasha na kuzima mtambo, au kihisi kikitoa kipimo kisicho na akili.
- Weka ukomo wa P kwa juu.
- Weka ukomo wa K na τ kutoka vipimo vya hatua ya 2. Kama ulipima geini kati ya 2 na 8, ruhusu 1.5 hadi 10 na si zaidi. Alama ya geini isigeuke kamwe.
- Kc isibadilike zaidi ya asilimia chache kwa kila muda wa mwitikio.

Sharti la kusimamisha P lenyewe lifanyike kwa usahihi: unaposimamisha kujifunza, simamisha yote, P ikiwamo. Kusimamisha a na b huku P ikiendelea kukua ni kuahirisha mlipuko tu.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Ndani ya kitanzi kilichofungwa, vali inasogea kwa sababu ya kipimo, na kipimo kinasogea kwa sababu ya vali. Lengo likiwa halibadiliki na msukosuko usiopimwa ukawa ndio unaoendesha kila kitu, mkadiriaji anaweza kujifunza kidhibiti chako kinyumenyume badala ya kujifunza mchakato. Dawa ni kuongeza habari unayoijua mwenyewe: hatua ndogo ya lengo, nyuzi moja au mbili, au mtikisiko wa vali wa asilimia 1 juu na chini kwa ratiba maalumu. Wasimamizi wa uzalishaji hawapendi kusikia habari ya kutikisa mtambo kwa makusudi, na wana haki ya kuuliza. Waonyeshe ukubwa wa mtikisiko ukilinganisha na mipaka ya bidhaa. Kama haukubaliki hata kidogo, basi kujifunza kwa muda wote hakukufai; rudi hatua ya 4 na ujipange kwa kuombwa.

Mwisho, weka mlinzi aliye nje ya haya yote: programu ndogo inayohesabu mara ngapi kipimo kinavuka lengo na kwa ukubwa gani. Mawimbi yakizidi kiwango, mlinzi anarudisha vigezo vya kihafidhina vya mzigo mbaya zaidi, anasimamisha kujifunza, na analiza alamu. Vifungio vya usalama, kama vile kukata mvuke joto likizidi, viwe kwenye mfumo wao peke yao. Kitu kinachojirekebisha kisiwe na njia yoyote ya kuvigusa.

Hatua ya 8: Kiendeshe kivulini kwanza

Acha PID ya kawaida iendeshe mtambo. Mkadiriaji asome data, akadirie K na τ, apendekeze Kc na Ti, na asiandike popote isipokuwa kwenye grafu. Kaa hivyo hadi umeona mzigo wa chini, wa juu, kuwasha, kuzima, na angalau kihisi kimoja kikitolewa kwa ajili ya kusafishwa. Tukio hilo la mwisho linafichua mengi kuliko wiki nzima ya uendeshaji wa kawaida.

Linganisha mapendekezo na vipimo vya mkono vya hatua ya 2. Yakikubaliana, mpe ruhusa ya kubadilisha Kc peke yake, ndani ya asilimia 20 ya thamani ya sasa, mchana, ukiwapo. Panua taratibu. Ti iache ifuate baadaye.

Hatua ya 9: Wape opereta mamlaka

Kwenye skrini ya opereta weka vitu vinne tu: Kc inayotumika sasa, Kc ya kihafidhina, taa ya kuonyesha kama inajifunza au imesimama na kwa sababu gani, na kitufe kimoja cha kurudisha vigezo vya kihafidhina. Sababu iandikwe kwa maneno: "vali imefika mwisho", "mchakato umetulia", "kihisi kina shaka". Opereta asiyejua kwa nini kidhibiti kimebadilika ataking'oa kwenye otomatiki usiku wa kwanza, na atakuwa amefanya sawa.

Hifadhi K na τ kila saa. Rekodi hii itakuwa na thamani kuliko kidhibiti chenyewe. Mtiririko ukiwa uleule na geini ikishuka mwezi hadi mwezi, koili ya mvuke inashika utando na unaweza kupanga siku ya kuisafisha kabla haijakulazimisha. Ukawiaji ukirefuka ghafla, kagua mahali kihisi kilipofungwa. Na kama baada ya misimu yote ya uzalishaji rekodi inaonyesha geini inafuata mtiririko tu na hakuna kingine, zihamishe namba hizo kwenye jedwali la hatua ya 5 na uzime mkadiriaji.